Mawe ya Mwamvua

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilichelewa kama desturi yake, na Melania alikuwa ameshaudhika kabla hata haijapiga honi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa amevaa gauni la maua ya njano, lile ambalo Alois alipata kulisifu mbele za watu mpaka akaona haya. Leo Alois huyohuyo, mchumba wake, mwalimu wa sayansi, mwanamume mwenye macho ya kumfanya msichana asahau mkoba wake dukani, alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa akichungulia reli. Gauni hakuliona.

Treni iliposimama alitoka mbio. Alifika kwenye behewa la nyuma, akanyoosha mikono miwili, akapokea gunia lililolowa chepechepe na kulikumbatia kifuani, shati jeupe na yote. Alilipangusa kwa kiganja. Akalisemesha, jamani, Melania alimwona kwa macho yake akilisemesha. Walikuwa wamechumbiana tangu Pasaka na hajapata kukumbatiwa namna ile, hadharani wala faraghani.

"Polepole, Marselino! Usilibwage hilo la pili!"

"Nilibwage vipi na mimi ndiye nimelilea toka Dar?" Marselino, gadi wa treni, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kusikika stesheni nzima. "Kila tuliposimama nimelinywesha maji ya bahari kwenye hilo dumu, kama ulivyoagiza. Abiria wamenicheka mpaka Tabora. Wanasema gadi kashikwa na wazimu, ananywesha magunia."

"Wabeja, ndugu yangu. Wabeja sana."

"Usinishukuru mimi, mshukuru Mwamvua. Anakusalimu sana, sana tena. Kasema hayo mawe ya zambarau kayachagua kwa mkono wake, na kwamba wewe mwenyewe utajua kwa nini."

Mtu asiye na neno humjibu aliyemsemesha. Alois alimtazama Melania kwanza, ndipo akamjibu Marselino, tena kwa sauti ya chini.

Sasa mtu asije akadhani Melania alikuwa na wivu wa kuokota. Kushuku ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa akilipwa kwa kuifanya. Alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kupokea maziwa pale Shinyanga mjini. Kila asubuhi wafugaji walipanga foleni na ndoo zao, naye alichovya kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea, akasoma kimesimama wapi. Maziwa yaliyotiwa maji hukizamisha. Alishawaona wazee wenye rozari shingoni wakiapa kwa majina ya watakatifu wote kwamba ndoo haijaguswa, na kipimo kimezama mpaka kichwani. Hata baba yake mzazi, mzee Ngassa wa Old Shinyanga, alimpimia kama wengine, na siku moja alimrudisha na ndoo yake mbele ya majirani.

Na ni kipimo hicho kilichomletea Alois. Alikuja dirishani asubuhi moja kuomba aazimwe.

"Una ng'ombe wangapi?" Melania alimuuliza.

"Sina hata mmoja."

"Mbuzi?"

"Sina. Nataka kupima bahari."

Melania alicheka mpaka wenye ndoo wakacheka naye. Lakini mwalimu hakuwa na mzaha. Maji ya bahari, alimweleza, uzito wake haupishani sana na wa maziwa yaliyotiwa maji kidogo, na kipimo kile kile kingemwambia kama chumvi imezidi au imepungua. Alikuwa anatengeneza tangi la kioo nyumbani kwake Kambarage. Alitaka ndani yake aweke kipande cha bahari, na mawe yake, na matumbawe yake, na samaki wake wa rangi. Wanaume wengine humwahidi msichana redio au cherehani. Huyu alimwahidi Melania bahari, na Melania, ambaye maji makubwa kuliko yote aliyopata kuyaona ni Ziwa Victoria, alijikuta anasubiri kwa hamu.

Ndiyo maana salamu za Mwamvua zilimkaa kooni.

Walitoka stesheni na baiskeli, gunia moja kwenye keria, la pili kwenye fremu, Alois akisukuma na Melania akitembea upande wa pili. Melania ndiye aliyeanza.

"Mwamvua ni nani?"

"Mtu wa Kigamboni. Ndiye anayeniokotea mawe."

"Mwanamume?"

"Melania, jina si umelisikia?"

"Nimelisikia kwa Marselino. Nataka nilisikie kwako."

"Ni mwanamke. Huchokoa pweza maji yakitoka. Nilipokuwa nafundisha kule alikuwa jirani."

"Jirani," alisema Melania.

"Jirani."

"Na ya zambarau umejua kwa nini?"

Alois aliinama kukaza kamba ya gunia ambayo haikuwa imelegea. "Ni mazuri tu," alisema. "Anajua napenda mazuri."

Kipimo kilizama pale pale.

Nyumbani kwa mwalimu tangi lilichukua ukuta mzima wa sebule. Kioo chake kilikuwa cha dirisha la duka moja la Mwanza, kinene kama kidole, na Alois alikuwa amekiunga kwa gundi ya kizungu kisha akakaa wiki nzima akikichungulia kama kitavuja. Meza iliyokibeba ilikuwa ya mninga. Pembeni ilinguruma pampu ndogo ya hewa aliyonunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ukutani ulining'inia mpira wa ndani wa tairi la lori, umejazwa upepo na kuunganishwa na mrija mwembamba, maana umeme wa Shinyanga ulikuwa na tabia zake, na ukikatika mpira ule ndio ungepumulia tangi mpaka urudi. Juu kulikuwa na taa mbili za mirija. Madumu ya maji ya bahari yalijipanga chini ya dirisha. Mgeni angetazama vyote hivyo, kisha angetafuta samaki, na samaki asingemwona, kwa sababu hakuwepo.

"Lini sasa?" Melania aliuliza, Alois akiyashusha mawe mapya majini moja moja.

"Bado. Kwanza mawe. Haya yana uhai ndani, viumbe vidogo vidogo vya kila aina, na ndivyo vitakavyosafisha maji. Ukitia samaki leo atakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Mawe yakae, maji yatulie, nipime tena na tena. Halafu konokono wa kula ukungu wa kijani utakaoota kwenye kioo. Halafu samaki mmoja tu, mgumu, asiyekufa ovyo. Akipona huyo, ndiyo matumbawe. Wale wawili wa rangi ya chungwa watakuja mwisho kabisa, pamoja na yule mnyama kama ua ambaye wao hulala ndani yake."

"Wawili?"

"Dume na jike. Hawaachani."

Alisema neno hilo akimtazama, na macho yake yalikuwa na ile hali iliyomfanya Melania amkubali siku ya kwanza. Alitaka kuyaamini. Moyo ulikuwa umeshanyoosha mkono. Lakini juu ya rundo, mbele kabisa, lilikuwa limewekwa jiwe moja kati ya yale ya zambarau, na Alois alilihamisha mara mbili ili likae vizuri kwenye mwanga.

"Kwa hiyo," alisema Melania, "tangi la samaki lisilo na samaki, na mwanamke wa Kigamboni wa kulijaza."

Alois alicheka kidogo. Hakucheka kwa furaha.

Huko Old Shinyanga mambo hayakuwa mepesi zaidi. Wazee wa Alois walikuwa waje kutoka Ushirombo Jumapili ya juma lililofuata kukata maneno ya mahari, na mzee Ngassa alikuwa anatafuta sababu ya kuwasumbua.

"Mwanamume wa miaka thelathini hana hata ndama," alisema jioni ile uani, "ila anafuga. Anafuga nini? Samaki asiyeliwa! Mifugo gani hiyo isiyokamuliwa wala kuchinjwa? Akiumwa utampeleka josho?"

"Baba, ni kama wengine wanavyofuga njiwa."

"Njiwa nimewala mimi."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Makoye, kaka yake Melania, aliyeshuka siku hiyo kutoka Geita alikokuwa na shimo lake la dhahabu. Lakini Melania aliposimulia habari ya gadi kunywesha magunia njia nzima, Makoye aliacha kucheka. Alisogeza kigoda.

"Mawe, umesema?"

"Mawe."

"Yamefungwa kwenye magunia mabichi. Yanasindikizwa na gadi. Siku mbili. Halafu yanafichwa ndani ya maji nyumbani kwa mtu, taa inawaka juu yake mchana kutwa." Alizungusha macho. "Ng'wana wa mayu, mtoto wa mama yangu, mimi kwa mawe nakula. Hakuna mtu anayebembeleza jiwe bure. Jiwe likibembelezwa lina mali."

"Kaka, mawe yanatoka baharini."

"Yeye kakwambia. Nani anasafirisha mawe kuja Shinyanga? Hapa mawe hatuna? Mwenye mali haramu huivika chochote. Nimeona dhahabu ikipita ndani ya mkate, nimeiona ndani ya jeneza." Akashusha sauti. "Unao ufunguo wake, si ndiyo?"

Ufunguo alikuwa nao. Alois alikuwa amempa kwa sababu tangi lilitaka kuongezwa maji kila mchana, na si ya bahari, ya mvua yaliyochemshwa na kupoa, maana maji hukauka na chumvi hubaki. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na Melania alikuwa akiipenda. Alikuwa akisimama peke yake mbele ya kioo akiwaza kwamba siku moja ile itakuwa sebule yake.

"Siwezi," alisema.

"Basi wazee wakija nitasimama niseme nyumba ile ina siri. Baba anangoja neno moja tu kama hilo. Utaolewa na nani hapo? Lakini nikiona kwa macho yangu kwamba ni mawe tu, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumtetea. Nakuapia."

Melania alijua ni ujanja. Watu walioapa mbele yake walikuwa wengi. Lakini Jumamosi, wiki moja kabla ya wazee kuja, Alois alipokwenda na wanafunzi kuchuma pamba ya shule, ni yeye aliyefungua mlango wa Kambarage, na hakuufungua kwa sababu ya vitisho vya kaka yake. Makoye alikuwa anatafuta dhahabu, yeye alikuwa anatafuta mwanamke, na wote wawili walidhani majibu yamo ndani ya yale mawe.

Makoye alikuja na nyundo ndani ya mfuko wa khaki. Alikunja mikono ya shati, akatoa jiwe la kwanza, akalipima uzito mkononi. Akalinusa. Akalilamba, akatema.

"Chumvi!"

"Si nilikwambia?"

"Jepesi hili. Lina matundu kama mkate. Hili si mwamba ninaoujua." Akalitoa la pili, na la tatu, akayapanga sakafuni juu ya gunia. Mwisho akalitoa la zambarau. "Na hili ndilo kaliweka mbele?"

"Weka hilo."

"Mwenye kitu cha thamani hukificha mbele ya macho ya watu."

"Kaka, nimesema weka!"

Alikuwa ameshapiga. Jiwe lilipasuka vipande vitatu kwa sauti ndogo, isiyo ya jiwe. Makoye alipiga magoti akavipeleka dirishani kimoja kimoja, akifumba jicho moja, akigeuzageuza. Hapakung'aa kitu. Akapasua la pili kwa hasira, akasaga vumbi lake kwenye kiganja.

Lakini Melania hakuwa akimwangalia tena. Katika kipande cha zambarau, ndani ya tundu ambalo lilikuwa limefungwa hadi dakika ile, kaa mdogo kuliko punje ya mtama alikuwa akinyanyua mikono yake kujihami. Pembeni yake kitu chembamba chenye miguu kama nyuzi kilikuwa kikijikunja kutafuta giza. Kulikuwa na nyumba mle. Kulikuwa na watu wa nyumba ile, na wao wameivunjia paa.

"Hamna kitu," alisema Makoye.

"Kimo," alisema Melania, na machozi yakamtoka bila kuyatarajia.

Alois aliwakuta hivyo. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameumwa na nyuki shambani, akamsindikiza zahanati, kisha akapitia nyumbani kubadili shati. Alisimama mlangoni. Alitazama nyundo, akatazama gunia, akamtazama mchumba wake.

"Nani kafungua?"

"Mimi," alisema Melania.

"Shemeji, usichukie," Makoye alianza, "sisi tulikuwa tu—"

"Shemeji, naomba utupishe. Kaa nje."

Makoye alikuwa na mabega ya mchimbaji, lakini alitoka. Alois alifunga mlango. Melania alijikaza kwa ajili ya makelele, hata alitamani yaje upesi. Badala yake Alois alipiga magoti.

"Yametoka majini muda mrefu?"

"Si mrefu."

"Nisaidie kuyarudisha. Tutagombana yakiwa majini. Yakikauka ndiyo yamekufa."

"Yameshavunjika, Alois."

"Kuvunjika hakuyadhuru. Kukauka ndiko kunakoyaua. Shika hilo, taratibu, usibonyeze hapo."

Basi wakagombana wakiwa wamezamisha mikono hadi viwikoni, bega kwa bega, kila mmoja akitazama maji.

"Umenipekua," alisema Alois.

"Na wewe umenificha."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza njiani. Nikauliza mara mbili. Ukasema jirani."

"Alikuwa jirani."

"Alois."

Viputo vya hewa vilipanda kati yao. Alois alishika kipande cha zambarau, akakitafutia pa kukaa, asipate.

"Nilitaka kumwoa," alisema.

Melania alikuwa amelijua tangu stesheni. Kulijua hakukumsaidia. Alishika ukingo wa meza.

"Endelea."

"Mjomba wake alikataa. Mkristo, mtu wa bara, hapana, tena tusionane. Wakamwoza mtu wa kisiwa cha Mafia. Mimi nikaomba uhamisho, nikarudi huku. Yameisha, Melania. Yalikwisha kabla sijakujua."

"Huyo mume wake anajua mkewe anachagua mawe ya zambarau?"

"Wameachana. Karudi kwao."

"Kwa hiyo yuko huru."

"Yuko kwao."

"Nimesema yuko huru."

"Ndiyo," alisema Alois. "Yuko huru."

"Na la zambarau?"

"Mimi nilikulia Ushirombo. Bahari nimeijulia wapi? Nilipofika Kigamboni nilikaa mwezi mzima nikitazama maji bila kuingia, naogopa. Ni yeye aliyenishika kichwa siku moja akanizamisha uso, akaniambia fungua macho. Nikafungua. Jiwe la kwanza kuliona maishani chini ya bahari lilikuwa la rangi hii."

Afadhali angesema alimbusu. Busu Melania angejua la kulifanya, angelishindania. Lakini siku ile, na maji yale, na uoga wa Alois ulioondolewa na mkono wa mwanamke mwingine, angevishindania vipi? Wivu ulimchoma hasa, na hakujaribu kuuficha.

"Unataka kuniweka sebuleni pamoja na bahari ya mwanamke mwingine," alisema. "Niiongezee maji kila mchana. Niipigie deki chini yake."

"Nataka kukaa na wewe. Bahari naipenda. Yeye nilimpenda. Wewe nakupenda. Ni mambo matatu, Melania, usiyamimine ndoo moja."

Maneno yalikuwa mazuri, na sauti ilitetemeka pale ilipopaswa kutetemeka. Chini ya maji mkono wake uligusa wa Melania. Melania hakuuondoa wake, wala hakuushika. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba maziwa mazuri kwa macho ndiyo ya kupima kwanza.

"Anajua una mchumba?"

Alois alitazama ile pembe tupu ya tangi, upande wa kulia, alikokuwa amepanga wakae wale wawili wa rangi ya chungwa.

"Hajui."

"Umemwambia mawe ni ya nini?"

"Ya kufundishia shuleni."

"Ya shuleni!"

"Niliogopa. Nikimwambia ni ya nyumba yangu, ya mimi na mke wangu, ataacha. Mwingine wa kuniokotea sina. Wavuvi huchukua jiwe lolote, hulianika juani, hulileta limekufa. Yeye anajua."

"Kwa hiyo anaingia majini alfajiri, anapasuka miguu, anachagua kwa rangi, anaomba gadi amfikishie salamu. Unafikiri anafanya hayo kwa ajili ya wanafunzi wako?"

"Sijui anafikiri nini."

"Mimi najua," alisema Melania. "Na wewe unajua. Ndiyo maana hukumwambia."

Hapo kikamtokea kitu ambacho hakukiomba: alimwonea huruma Mwamvua. Alikuwa amekuja na nyundo ya kaka yake kumtafuta adui ndani ya mawe, na sasa alimwona mwanamke mwenzake aliyeachika, amesimama kwenye maji ya magoti, akingoja jibu la salamu. Waliofichwa walikuwa wawili. Na hasira yake kwa Alois, ambayo ilikuwa imeanza kupoa, ikapata kuni mpya.

"Umetutumia sote wawili," alisema. "Mimi kwa kuongeza maji, yeye kwa mawe. Kila mmoja umempa uongo wake."

Alois alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa amekwisha kujiambia.

"Nitamwambia," alisema mwishowe. "Kwa mdomo wangu, si kwa salamu za Marselino. Shule ikifunga nitakwenda Kigamboni nimwambie usoni."

"Na akikasirika? Akiacha kutuma?"

"Tangi litakaa na mawe haya haya."

"Bila wale wawili?"

"Bila wale wawili."

Alilisema polepole, na Melania aliona lilivyomgharimu, maana mtu huyu alikuwa ameota pembe ile ya tangi kwa miaka. Alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe. Angekuwa hampendi angeshaondoka na gauni lake. Alimwamini pia. Si sana, lakini kiasi cha kuanzia.

Alichukua kipande cha zambarau kutoka mkononi mwa Alois, akakiweka mwenyewe nyuma ya mengine, kwenye kivuli, mahali ambapo yule kaa mdogo asingesumbuliwa na mwanga. Alois alimwangalia, hakukigusa tena. Melania akafuta mikono kwa upindo wa gauni.

"Shikamoo yangu uwape wazee Ushirombo," alisema. "Uwaambie Jumapili wasije."

"Melania!"

"Sijasema wasije kabisa. Nimesema Jumapili."

Akatoka kabla machozi hayajamtoka tena.

Makoye alikuwa amechutama chini ya dirisha, na ilikuwa wazi kwamba hakupitwa na neno. Walikwenda hatua kadhaa kuelekea barabara ya Old Shinyanga. Mchanga ulikuwa wa moto na chumvi ilikuwa imeanza kumkaukia Melania mikononi, inamwasha.

"Sasa baba nimwambieje?"

"Mwambie umeyavunja mawe kwa mkono wako na hamna dhahabu. Uliapa utamtetea, mtetee. Na mwambie mahari itazungumzwa baada ya likizo. Mkwewe ana safari ya pwani."

"Kwenda kwa yule mwanamke?"

"Kwenda kumwambia ukweli."

Makoye alipiga mluzi. "Na wewe umeridhika? Wewe, uliyemrudisha baba yako mzazi na ndoo yake, unamwachia mwanamume aende peke yake kwa mwanamke aliyetaka kumwoa?"

"Nani kakwambia anakwenda peke yake?"

Kaka yake alisimama katikati ya njia. "Baba hawezi kukubali. Msichana hajaolewa, siku mbili ndani ya treni na mwanamume! Hata padre ataitwa."

"Hawezi," alisema Melania. "Ndiyo maana kaka yangu atakaa katikati yetu, kwenda na kurudi."

"Mimi? Nina shimo langu Geita linaningoja!"

"Umevunja mawe ya watu, kaka," alisema Melania, bila kupunguza mwendo. "Mengine utakwenda kuyabeba."